Kinaa ni hazina, lakini isiwe kufuli

Kama umelelewa Pwani, au umewahi kukaa na mzee yeyote aliyesoma madrasa, methali hii si ngeni kwako: Al-qana'atu kanzun la yafna. Kwa Kiswahili chetu, kinaa ni hazina isiyokwisha. Mtu anayeridhika na alichonacho ana utajiri ambao mwizi hauibi na bei za sokoni haziupunguzi.

Ni maneno manne tu ya Kiarabu, lakini yamefanya kazi kubwa. Yametuliza ugomvi, yamemfariji aliyekosa kazi, yamemzuia mtu asiuze kiwanja cha urithi ili anunue gari. Na tuseme ukweli, yametumika pia kumnyamazisha mtu aliyekuwa na hoja ya msingi. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niichague methali hii mwezi huu.

Kuna dada mmoja, msomaji wetu, ameniandikia. Yeye ni mhasibu, mumewe ni mwalimu wa sekondari. Wana mtoto mmoja na wamepanga nyumba ya vyumba viwili. Dada huyu amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, masomo ya jioni, miaka miwili. Ada ameshaanza kuiweka mwenyewe kidogo kidogo. Lakini kila akilileta suala hilo mezani, jibu la mume ni moja: "Mke wangu, ridhika. Tunakula, tunalala, mtoto anasoma. Kinaa ni hazina." Mwisho wa barua ameniuliza swali fupi: "Hivi kweli mimi nina tamaa?"

Jamani, swali hilo si la kujibu juu juu. Ndoa nyingi za rika letu zinayumba hapohapo, mmoja anataka kusonga na mwingine anaona tumefika. Kwa hiyo kabla sijamjibu dada yangu, tuiangalie kwanza methali yenyewe. Inawezekana mume hakukosea kuitaja. Inawezekana ameitaja nusu.

Neno lenyewe linasemaje

Katika nchi za Kiarabu methali hii ni ya kila siku. Wengi huinasibisha na Mtume Muhammad (S.A.W.), ingawa wataalamu wa hadithi wanasema upokezi wake ni dhaifu. Wengine huinasibisha na Imam Ali, na kweli katika Nahjul Balagha, mkusanyiko wa maneno yake uliofanywa na Sharif Radhi yapata mwaka 1010, kuna usemi unaofanana nao sana, isipokuwa pale pa hazina pametajwa mali. Fundisho lenyewe halina shaka: ipo hadithi sahihi, katika Bukhari na Muslim, inayofundisha kwamba utajiri wa kweli umo ndani ya nafsi ya mtu, si katika wingi wa vitu vyake.

Sasa njoo kwenye neno qana'a, lililotupa sisi kinaa na kukinai. Mzizi wake ni herufi tatu: qaf, nun na ain. Kutoka mzizi huohuo Waarabu wana kitenzi cha kumshawishi mtu, yaani kumpa hoja mpaka moyo wake ukubali. Umeona? Kwao, kuridhika na kushawishika ni ndugu wa tumbo moja. Na kuna ndugu wa tatu, neno qina', ambalo maana yake ni ushungi au barakoa ya kufunika uso. Kwa hiyo mzizi mmoja umezaa kuridhika moyoni, kushawishika kwa hoja, na kitu cha kuficha uso. Mtu akikwambia "nimeridhika", una haki ya kujiuliza: amekubali kutoka moyoni, au amevaa barakoa ili yaishe?

Kiswahili nacho kimeongeza yake. Kwetu kukinai ni kutosheka, lakini pia ni kushiba mpaka ukachukia. Pilau ya harusini, sahani ya kwanza unakinai kwa raha, sahani ya tatu inakukinaisha, hutaki hata harufu yake. Na neno tamaa, ambalo pia tumelichukua kwa Waarabu, lina sura mbili vilevile. Upande mmoja ni uroho: tamaa mbele, mauti nyuma. Upande wa pili ni matumaini. Ndiyo maana mtu aliyepoteza matumaini tunasema amekata tamaa, na hakuna anayempongeza kwa hilo.

Hapo ndipo penye mtego, mwenzangu. Unaweza kudhani unamkanya mwenzio asiwe na tamaa, kumbe unamkatisha tamaa. Yeye atakinai, ndiyo, lakini kwa ile maana ya sahani ya tatu. Na siku mtu akikukinai hivyo, hakuna methali itakayomrudisha.

Waingereza wanapima

Waingereza nao wana yao. Mwaka 1546 bwana mmoja, John Heywood, alichapisha kitabu kilichosheheni methali za Kiingereza cha wakati wake. Nyingi bado zinatumika. Humo mna ile ya "Enough is as good as a feast", kwamba kinachotosha ni sawa na karamu. Mna ya kukata koti kulingana na kitambaa ulichonacho. Mna ya nusu mkate kuwa bora kuliko kukosa mkate kabisa.

Zitazame vizuri. Mwarabu anazungumzia hazina, kitu cha moyoni kisichoonekana. Mwingereza anazungumzia sahani, kitambaa na mkate, vitu vya kupimika. Yeye hakwambii tu uridhike. Anakwambia upime kwanza. Fundi wa nguo hawezi kukuambia kitambaa kinatosha kama hajashika futi kamba. Kinachotosha ni kipimo, na kipimo lazima kijulikane.

Sisi tunayo ya "mtu hujikuna ajipatapo", ambayo iko karibu kabisa na ile ya koti: fanya unachoweza kukifikia. Lakini tunayo nyingine ninayoipenda zaidi: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa, lakini ni wako, unaulalia kila siku. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, na huo unaopita ni wa mtu mwingine. Methali hii haisemi mbacha ni mzuri kuliko msala. Haisemi pia usifume mkeka mpya. Inasema usitupe kilicho chako kwa ajili ya kitu kinachopita tu mbele ya macho yako.

Na vinavyopita mbele ya macho siku hizi ni vingi. Fungua simu saa mbili usiku: huyu yuko Zanzibar na mchumba wake, yule amehamia nyumba mpya, mwingine amemnunulia mke gari siku ya kuzaliwa na utepe mwekundu juu ya boneti. Dakika kumi tu, na nyumba yako uliyoipenda asubuhi inaanza kuonekana banda.

Akina Jones hawaonekani

Waingereza na Wamarekani wana msemo, "keeping up with the Joneses", maana yake kushindana kimaisha na majirani. Wengi hawajui ulikotoka. Mwaka 1913, kule New York, mchoraji Arthur Momand alianza kuchapisha katuni ya gazetini kwa jina hilo. Ilihusu familia moja iliyohangaika kufanana na majirani zao, akina Jones. Ilidumu zaidi ya miaka 20. Na hiki ndicho kichekesho chake: hao akina Jones wanatajwa tu, hawatokei kwenye picha. Familia nzima inajinyima na kugombana kwa ajili ya watu ambao msomaji hawaoni.

Sasa niambie, hatuishi hivyo? Mtu anakopa ili harusi yake ifanane na ya mtu ambaye hajui kama naye alikopa. Binti anamwambia mchumba wake, "Wenzako wanajenga," bila kujua hao wenzako wanajenga kwa hela ipi, na usiku wanalala saa ngapi kwa mawazo. Tunaona gari, hatuoni mkataba wa mkopo.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 1998 Sara Solnick na David Hemenway walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza watu wa kitivo cha afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Harvard. Moja lilikuwa hivi: ungependa upate dola 50,000 kwa mwaka wakati wenzako wanapata 25,000, au upate dola 100,000 wakati wenzako wanapata 200,000? Bei za vitu ni zilezile katika hali zote mbili. Karibu nusu walichagua ile 50,000. Yaani mtu yuko radhi kupoteza nusu ya kipato, mradi tu awe juu ya wenzake! Lakini walipoulizwa kuhusu siku za likizo, wengi walitaka siku nyingi bila kujali wenzao wana ngapi. Kumbe likizo unaifurahia mwenyewe, mshahara unaupima kwa jirani.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2006, uliwafuatilia wanafunzi wa Marekani waliokuwa wanamaliza chuo na kutafuta kazi. Wale wasiokubali kitu mpaka wahakikishe ni bora kuliko vyote walipata kazi zenye mishahara ya kuanzia mikubwa kwa asilimia 20 kuliko wale wanaosema "hii inanitosha". Hongera zao. Ila haohao ndio waliokuwa na wasiwasi zaidi na kuridhika kidogo zaidi na kazi walizopata.

Usije ukasema basi hela haina maana. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba kwa Wamarekani, raha ya kila siku huacha kupanda kipato kikifika kama dola 75,000 kwa mwaka. Watu waliishika sana hiyo namba. Lakini mwaka 2023 Kahneman mwenyewe, akishirikiana na Matthew Killingsworth aliyekuwa amepata matokeo tofauti, na Barbara Mellers, alirudi na kusema kwamba kwa watu wengi raha inaendelea kupanda pamoja na kipato. Kinachosimama ni kwa wale wenye huzuni zaidi, ambao kuna mahali hela haiwafikishi. Kwa hiyo mtu anayetaka kipato kiongezeke si mgonjwa wala si mroho. Kodi ya nyumba hailipwi kwa methali.

Nikujibu sasa, dada yangu

Hapana, kutaka kusoma si tamaa mbaya. Angalia hili: hujasema unataka kusoma kwa sababu jirani anasoma. Hujasema unauza kitu cha nyumbani. Hukuacha mbacha wako, unataka kufuma mkeka mwingine, na ukiisha mtaulalia wote wawili. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wanaohangaika pwani wanarudi na kitoweo, na kitoweo hicho kinaliwa na nyumba nzima.

Lakini na mumeo tumpe haki yake. Mara nyingi mtu akisema "ridhika" kuna sentensi nyingine imejificha nyuma yake. Pengine anamaanisha, "Jioni nani atakaa na mtoto?" Pengine, "Ukipata shahada ya pili utaniona mimi mwalimu si kitu." Pengine alimwona mama yake akiteseka na madeni ya baba yake, na kila neno la kusonga mbele kwake linasikika kama deni. Hayo hayasemeki kirahisi kwa mwanaume aliyefundishwa kwamba hofu ni aibu, kwa hiyo anachukua methali na kujifunika nayo. Ile barakoa niliyoisema, usidhani huvaliwa na anayenyamaza tu. Hata anayehubiri kinaa anaweza kuwa ameivaa.

Kwa hiyo usimjibu methali kwa methali. Mwulize kwa upole, mkiwa wawili, mtoto amelala: "Baba nanihii, tukiacha hela pembeni, unaogopa nini?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Na wewe shemeji yetu, kama gazeti hili limekufikia, kumbuka ule mzizi wa neno. Huwezi kumkinaisha mtu kwa amri. Kama unaamini mnachonacho kinatosha, mpe hoja, mpe hesabu, msikilize na yake. Akikubali baada ya hapo, hiyo ndiyo hazina. Akinyamaza kwa sababu amechoka kuomba, hujapata hazina, umepata kimya.

Kinachotosha ni kiasi gani?

Wapenzi wengi wanagombana kuhusu "kutosha" bila hata siku moja kuitajia namba. Ninapendekeza maswali matatu, na muda mzuri ni kabla mshahara haujaingia, si baada.

Swali la kwanza: kwetu sisi, kinachotosha ni nini hasa? Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake, bila kuchungulia ya mwenzake. Kodi, chakula, ada, nauli, kusaidia wazazi pande zote mbili, akiba, na starehe kidogo, maana na nyinyi ni watu. Kisha mlinganishe. Mtashangaa. Mmoja kaandika akiba ni shilingi 50,000 kwa mwezi, mwingine 300,000. Mmoja hakukumbuka kabisa wazazi wa mwenzake. Hapo ndipo pa kuanza mazungumzo.

Swali la pili: hiki tunachokitaka, tungekitaka kama hakuna mtu angekiona? Chukulia gari. Mnakopa shilingi milioni 12, mnalipa 450,000 kila mwezi kwa miezi 36. Jumla ni shilingi 16,200,000, yaani 4,200,000 juu ya bei. Bado mafuta, bima na fundi. Kama mna mtoto wa kupeleka kliniki kila wiki na daladala haifiki kwenu, pengine hesabu hiyo inalipa. Kama sababu kubwa ni kwamba kila mtu ofisini ana gari, basi mnawalipia akina Jones, na hawatakuja hata kuwashukuru.

Swali la tatu: nani anabeba gharama ya kuridhika kwetu? Hili ndilo linalosahaulika. Kuna nyumba ambazo "tumeridhika" maana yake ni mke kaacha kusoma, au mume kaacha biashara aliyoipenda, na mwenzake hakuacha chochote. Kuna nyumba ambazo "tunasonga mbele" maana yake ni mmoja anafanya kazi mbili na mwingine anachagua pazia. Kama mzigo wote uko kwa mtu mmoja, msijidanganye kwamba mmekubaliana.

Na mkishapata jibu, liandikeni, mliweke tarehe, mlirudie baada ya mwaka. Kinachowatosha mkiwa wawili hakitawatosha mkiwa watano, na kinachoonekana kidogo leo kinaweza kuwatosha kabisa watoto wakishakua. Koti linakatwa upya mwili ukibadilika.

Kwa wachumba mnaojiandaa kwa ndoa, msiliache swali hili mpaka baada ya harusi. Najua mnaulizana kabila, dini na idadi ya watoto. Ulizaneni na hili: "Kwako, maisha ya kutosha yakoje?" Anayejibu "vyovyote tu, mpenzi" hajajibu. Mwambie akalale, afikirie, alete jibu kesho.

Dada yangu mhasibu, hesabu ndiyo kazi yako, kwa hiyo karatasi yako itakuwa safi. Ila mpe na mwalimu muda wa kuandika yake.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.